Fundi Aliyerudi Mjengoni Mapema

Ninyi mnaopita hapa nje asubuhi na viatu vya kazi vikining'inia begani, mkielekea mijengo ya Riruta, nawajua kwa sauti. Kuna mmoja anaimba nyimbo za kanisa nusu nusu. Kuna wawili wanabishana mambo ya mpira tangu Januari na bado hawajaelewana. Mimi niko ndani ya huu mlango wa bluu, karibu na muuza makaa. Mnapopita huwa nimeshaamka, nimeketi kitandani, nangoja mwili ukubali kusimama.

Juzi mmoja wenu aliniona nimeegemea ukuta nikiota jua, akamwambia mwenzake, "Huyo mzee alikuwa fundi mnoma sana, alijenga ploti nyingi za huku. Siku hizi amezembea tu." Sikuwajibu. Mlikuwa mmeshafika kwenye kona, na mimi si mtu wa kumkimbilia mtu tena. Ndiyo maana nimechukua daftari.

Naitwa Wafula. Nimejenga kwa mawe miaka thelathini na moja, zaidi Kibera na Kawangware, na mara chache huko kwa watu wenye nyasi mbele ya nyumba. Mtu wa ofisi akistaafu hufanyiwa chai na kupewa saa ya ukutani. Fundi wa mawe hakuna anayemstaafisha. Mwili wake ndio humwandikia barua, na barua yangu ilikuja mapema. Nitawaeleza ilivyokuja, na kuna mtu mmoja nilimkosea njiani ambaye siwezi kumwacha nje ya hadithi hii.

Lakini kwanza niwafunze kazi kidogo, msije mkasema mzee amekuja kulia tu.

Ukiletewa lori la mawe, usidanganywe na rangi. Gonga kila jiwe kwa nyundo. Jiwe zima linalia kwa sauti kali. Lenye ufa linatoa sauti ya kufa. Mchanga usugue kiganjani: ukikuachia udongo, rudisha, hata dereva akikutukana mamako. Simiti, ingiza mkono ndani ya mfuko. Lazima usikie ubaridi, na vidole visikute madonge. Siku ya jua kali, mwagia mawe maji kabla ya kuyapanga, kwa sababu jiwe kavu linakunywa maji ya simiti na ukuta unabaki unga. Na siku zote anza na kona. Kona zikisimama sawa, hapo katikati ni kufuata kamba.

Haya nilifundishwa na Mzee Mutiso, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata wakati wa joto. Miezi minne ya kwanza hakuniruhusu kushika mwiko. Nilibeba maji na kukoroga. Aliponiruhusu nikajenga nguzo ya geti, nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama, nikajipenda. Mutiso akaja na timazi yake, akaiteremsha kando ya nguzo, uzi ukaachana na mawe, akanitazama, akaenda kunywa chai. Aliporudi nilikuwa nimeshaibomoa mwenyewe. "Haya, sasa tunaweza kuanza," akasema.

Makosa yangu mengine hayakuwa na heshima kama hilo. Kuna mama mwenye ploti hapa Kawangware aliyetaka nimjengee choo nyuma ya nyumba. Nilipima upana wa mlango kwa mabega yangu mwenyewe, na enzi hizo nilikuwa mwembamba wa kupita popote. Mama mwenyewe alikuwa amejaliwa mwili. Siku ya kukabidhi kazi akaingia kwa ubavu, akakwama, akaniita akiwa palepale: "Wafula! Hiki choo umejengea nani, kuku?" Nilibomoa upande mmoja yeye akiwa bado amebanwa, nikiomba msamaha kwa kila jiwe ninalong'oa. Tangu hapo sikujenga tena mlango bila kuuliza ni nani atakayepita.

Siku hizi mna mashine ya kukoroga, mna winchi ya kupandisha mawe, mna ile taa nyekundu inayochora mstari ukutani. Sisi tulipima usawa kwa mpira mwembamba uliojaa maji, mmoja kashika ncha hii, mwingine kashika ile, tukipigiana kelele kutoka chumba hadi chumba. Mtu aliyeshika ncha ya pili ya mpira wangu kwa miaka minane alikuwa Adhiambo.

Huyo ndiye nataka mumjue. Mama wa watoto watatu, mkazi wa Kisumu Ndogo, Kibera, kazi yake mtu wa mkono, yaani yule anayekoroga simiti na kumpandishia fundi juu. Kwenye mijengo mingi wanawake huachiwa kubeba maji tu. Adhiambo alikoroga kuliko wanaume wawili. Nikisema "lete", hakuuliza nataka nzito ama laini. Alitazama ninachojenga akajua. Sisi sote tulimwita Mama Felix, kwa jina la kifungua mimba wake. Na kwa vile najua mnavyowaza, niseme mapema: mke wangu yuko Bungoma na shamba letu, na Adhiambo alikuwa na mumewe. Tulikuwa watu wawili wanaoelewana kazini. Jambo hilo ni adimu kuliko mnavyodhani, na mimi sikujua bei yake mpaka nilipolipoteza.

Mwaka ule wa barakoa na kafyu tulikuwa kwenye jengo la ghorofa sita hapa Kawangware. Mimi nilikuwa bado naishi Kibera, kijiji cha Raila, kule chini karibu na mto. Homa ilinishika siku ya Jumatatu. Kufikia Jumatano mifupa ilikuwa inauma mpaka ya vidole. Jirani yangu akakaanga omena mlangoni pake, watoto wote wa laini ile ya vyumba wakaja kunusa, na mimi niliyekuwa hatua nne tu sikusikia harufu yoyote. Hapo nikaogopa. Zahanatini waliniingiza kijiti puani, kesho yake wakaniambia ni korona, nikae ndani.

Nilikaa ndani ya chumba kimoja cha mabati. Jirani aliniwekea uji juu ya stuli, akagonga mlango, akakimbia. Simlaumu, ana watoto. Nilisikia miguu yake ikienda na nikabaki na uji wangu usio na ladha. Baada ya wiki mbili na siku kadhaa homa ikaisha, kikohozi kikapungua, nikaosha nguo zote, nikamwambia kila mtu nimepona. Niliamini hivyo kabisa. Kesho yake nikarudi mjengoni.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu inayowahusu.

Kabla ya homa nilipanda ghorofa sita na jiwe begani, nikafika juu nikiwa bado napiga hadithi. Baada ya homa, ghorofa ya kwanza tu moyo ulianza kugonga mpaka nausikia masikioni. Ya pili, lazima niketi. Sasa fundi mkuu utaketije ngazini watu wakipita na karai? Nikajifunza ujanja. Nilijifanya natafuta mwiko. Nilijifanya nakagua plasta. Kila ghorofa niliinama nikafunga kamba za viatu, mpaka mtu mmoja akanicheka, "Fundi, nunua viatu vya kuvuta!"

Kuchoka kwenyewe hakukuwa kule ninyi mnakojua, kwa mtu aliyefanya kazi akalala akaamka mpya. Nililala kwa saa kumi nikaamka kama niliyebeba mawe ndotoni. Na kichwa nacho kikaanza. Nilihesabu mistari ya mawe, nikafika saba, nikasahau kama nimetoka sita ama nane. Nilisimama na mwiko mkononi bila kujua nilikuwa karibu kufanya nini.

Watu walikuwa na majibu yao. Wengine walisema nimezeeka. Mmoja alisema kuna mtu wa nyumbani amenifanyia mambo. Foremani wetu, Kamau, alisema, "Wafula, korona iliisha. Wewe sasa ni uvivu." Mimi mwenyewe nilimwamini. Kila jioni nilijitukana njia nzima mpaka Raila, nikisimama mara nne kwenye mteremko ambao zamani niliushuka nikipiga mluzi.

Adhiambo ndiye pekee aliyeona sawasawa. Siku moja saa ya chakula alikaa kando yangu akaweka sahani chini.

"Fundi, wewe si mzima."

"Niko sawa."

"Jana umeniuliza mtoto wangu wa kwanza anaitwa nani. Unaniita Mama Felix kila siku, halafu unaniuliza."

"Ni mawazo tu, Mama Felix."

"Si mawazo. Ile homa imekuachia kitu. Enda hosi wakuangalie."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia, "Wewe koroga simiti. Daktari nitajitafutia." Akainuka, akachukua beleshi, akarudi kukoroga.

Wiki iliyofuata tulikuwa ndani ya ghorofa ya tatu, tukijenga ukuta wa kugawanya vyumba. Ukuta ulipofika kifuani niliweka jukwaa: mbao pana juu ya miti miwili, imefungwa kamba huku na huku ili isitembee. Kufunga jukwaa ni kazi ya fundi atakayelitumia. Hiyo sikuwahi kumwachia mtu. Nilifunga ncha ya kwanza. Nikainuka kuchukua kamba ya pili niliyokuwa nimeiweka dirishani, na nilipofika hapo nikasahau nilichoinukia. Nakumbuka nilitazama nje, nikaona nguo za watu zimeanikwa. Nikasikia kiu. Nikashuka kunywa maji.

Nilikuwa narudi, nimeketi kwenye ngazi nikitafuta pumzi, niliposikia kishindo.

Adhiambo alikuwa amepanda na karai la simiti ili nikifika nikute kila kitu tayari, jinsi alivyozoea. Mbao ilitembea. Alianguka juu ya kokoto, karai likamfuata. Nilipofika mlangoni mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Kamau alikuja akifoka. "Nimesema mara ngapi hawa kina mama wasipande jukwaa? Wanakimbia kimbia tu! Ona sasa ameteleza."

Adhiambo hakumtazama Kamau. Alinitazama mimi. "Fundi," akasema. Hilo tu.

Wenzangu wote walikuwa wamesimama pale. Kamba ya pili ilikuwa dirishani, nilipoiacha. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa: "Pole, Mama Felix."

Walimbeba, wakampeleka hospitali. Mkono uliungwa, lakini ulishika vibaya. Habari zikatembea mijengo yote kwamba kuna mama mmoja hana uangalifu, ameanguka mwenyewe, usimchukue. Mimi nilizisikia nikazipita. Nilijiambia nitamtembelea Jumapili. Jumapili ikapita, nyingine ikaja, na kila iliyopita ilifanya ile ya mbele kuwa ngumu zaidi.

Mwezi haukuisha. Mguu wangu wa kushoto ulivimba siku mbili. Nikadhani ni jiwe lililonigonga. Siku ya tatu nilikuwa ngazini, kifua kikanibana upande mmoja kama nimechomwa, nikaanguka kwa magoti. Nilipozinduka vizuri nilikuwa kitandani hospitalini na mpira wa hewa puani, na daktari mmoja mdogo wa umri kuliko binti yangu ananiuliza maswali pole pole.

"Baba, damu iliganda mguuni, kipande kikapanda mapafuni. Una bahati uko hapa. Uliwahi kuugua korona?"

"Niliugua nikapona."

"Ulipumzika kiasi gani?"

"Homa ilipoisha nikarudi kazini."

Akavuta kiti. "Unafanya kazi gani?"

"Fundi wa mawe."

"Ukimwaga slabu ya simiti leo, kesho unatoa mbao za chini?"

"Siwezi. Itaonekana ngumu juu, lakini ndani bado."

"Basi umenielewa," akasema. Akanieleza kwamba virusi vyenyewe hutoka mwilini, lakini kwa watu wengine huacha madhara nyuma: mapafu, moyo, damu kuganda kwa urahisi kwa miezi kadhaa, uchovu usioisha, kichwa kujaa ukungu. Hakuniapia kwamba ile damu ilitokana na korona. Alisema wamewaona wengi waliougua wakipatwa hivyo, na kwamba wengi zaidi hupona wakawa wazima. Nikamuuliza swali langu.

"Kusahau je? Mtu anaweza kusahau jambo analolijua miaka thelathini?"

"Anaweza. Si uvivu, baba, na si uzee peke yake. Lakini mtu kama huyo hafai kuwa juu ya ngazi. Ungekuja mapema tungekuambia."

Kuna mtu alikuwa ameniambia mapema. Niligeukia ukutani nikajifanya nalala.

Kwa hivyo vijana, siwapi hotuba, nawapa nilichopewa. Ukiugua ugonjwa wa namna hiyo, homa kuisha si kupona. Rudi kazini kidogo kidogo, na kama ngazi uliyoizoea inakushinda, sema. Mguu mmoja ukivimba, kifua kikiuma, ukikosa pumzi umekaa tu, usingoje Jumatatu, enda hospitali. Na chanjo nilichomwa baadaye. Mkono uliuma siku moja, basi.

Kazi ikaishia hapo. Raila sikuweza kuishi tena kwa sababu ya ule mteremko, nikahamia hapa Kawangware, chumba cha chini. Mafundi walikuja mwanzoni na ndizi na machungwa. Walikaa, wakanitazama, wakakosa pa kutazama. Mguu ukivunjika watu wanaiona plasta na kuisaini. Mimi nilionekana mzima. Wakaanza kupiga simu badala ya kuja, halafu simu nazo zikanyamaza. Mke wangu huniambia rudi nyumbani. Namwambia nangoja kliniki, na ni kweli, lakini kweli nyingine ni kwamba sitaki majirani wa kule waniangalie nikiwa nimekaa kivulini yeye akilima.

Nimejifunza kuishi kwa vipimo. Maji nachota kwa kidumu cha lita tano, safari mbili, nikipumzika katikati. Naoga nimeketi. Maharagwe napika Jumamosi nikala mpaka Jumanne. Nikijisikia vizuri siku moja, hiyo ndiyo siku ya hatari. Nikifua na kufagia na kutembea kwa pamoja, kesho yake na keshokutwa ni kitandani. Kuna siku naanza kusema kitu jioni nasikia sauti imekwaruza, nakumbuka kwamba tangu asubuhi sijaongea na mtu.

Ukikaa hivyo peke yako, lile neno ulilolimeza linarudi. Mwaka mmoja na miezi kadhaa ulipita kabla sijaenda Kisumu Ndogo. Nilipanda boda asubuhi jua likiwa bado pole, nikashukia juu, nikateremka kwa miguu nikipumzika kwenye kila kibanda. Nilimkuta Adhiambo nyuma ya meza ya omena, anapima kwa mkebe akitumia mkono wa kushoto.

"Fundi," akasema. Hakutabasamu.

"Mama Felix."

"Umekonda."

"Nimekuja kukuambia kitu. Ile kamba ya jukwaa…"

"Hukuifunga."

Nilishika meza. Akasukuma stuli kwa mguu. "Kaa kwanza. Usinifie hapa wateja wakaogopa."

Nikakaa. Akamuuzia mama mmoja, akamfungia, akamshukuru, halafu akanirudia.

"Nilijua kabla sijaanguka. Nilikuwa nishakanyaga mbao ndiyo nikaona ile ncha haina kitu."

"Mbona hukusema?"

"Nani angeniamini? Mtu wa mkono aseme fundi hakufunga? Nilikuwa nangoja wewe useme. Siku ile nikangoja. Hosi nikangoja. Mwaka ukaisha."

"Nilikuwa mgonjwa, Mama Felix. Akili yangu ilikuwa…"

"Najua ulikuwa mgonjwa. Si ni mimi nilikuambia?" Sauti yake haikupanda. "Kusahau kamba, hiyo ni ugonjwa, nimekubali. Na kunyamaza? Hiyo pia ni korona?"

Nikaokota omena iliyoanguka, nikairudisha mezani.

Akaunyoosha mkono wa kulia mbele yangu, na haukunyooka. "Huu unauma asubuhi kukiwa na baridi. Lakini si mkono ulionitoa mjengoni. Ni jina. Kila saiti nikienda, ni yule mama wa kuteleza. Miaka minane nimepanda na karai, Fundi. Niliwahi kuteleza?"

"Hata siku moja."

"Basi usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo. Kamwambie Kamau."

Mteja mwingine akaja. Nilipoinuka kuondoka hakuniaga, wala hakunifukuza.

Ilinichukua wiki tatu, na si nguvu peke yake niliyokuwa nakusanya. Kamau alikuwa na jengo hapa Riruta. Nilikwenda saa nne asubuhi, saa ya chai, ili watu wote wawe wamekaa. Wengine walikuwa wageni kwangu, wengine tulikuwa pamoja siku ile. Kamau alinisalimu kwa shangwe, "Mzee Wafula! Umerudi kazini?"

"Sijarudi. Nimekuja kusema kuhusu Adhiambo."

"Nani?"

Hapo ndipo nilipopata hasira iliyonisaidia kusimama. "Yule mama aliyeanguka ghorofa ya tatu. Ulisema ameteleza. Hakuteleza. Mimi ndiye niliyefunga jukwaa, nikafunga upande mmoja, nikasahau wa pili. Nilikuwa mgonjwa na nilijua siko sawa, nikaendelea kupanda. Halafu nikakuacha umseme vibaya na mimi nimesimama pale."

Mmoja wa wale wa zamani akatazama chini.

"Wafula," Kamau akasema, "hiyo ni stori ya kitambo. Ile nyumba iliisha, watu wanaishi ndani."

"Mkono wake bado haunyooki. Na bado watu wanamwita wa kuteleza. Wewe ndiye ulianza hilo jina kwa sababu mimi nilinyamaza. Kwa hivyo nalifuta hapa, mbele ya hawa."

Alikuna kichwa. "Sawa, mzee, tumesikia. Haya, watu warudi kazini." Ikawa hivyo. Sikupigwa, sikutukanwa, hakuna aliyenipongeza. Mashine ya kukoroga ikawashwa tena nikiwa bado nimesimama.

Getini nilisikia mtu ananifuata. Fundi wa chuma, jitu la miaka arobaini hivi, mikono minene, Musa jina lake. Akatazama nyuma kwanza.

"Mzee, hiyo ya kupoteza pumzi… mimi tangu niugue ni hivyo. Ngazi ya pili naona giza. Mke wangu tu ndiye anajua."

"Kamau je?"

"Wee! Si atanirudisha nyumbani?"

Nilirarua kipande cha mfuko wa simiti, nikamwandikia kliniki ninayokwenda na siku yenyewe, na nikamwambia asipande tena bila kumwambia mtu aliye karibu naye. Akakikunja akatia mfukoni, akarudi ndani mbio mbio, ile mbio ya mtu anayejilazimisha. Sijui kama alikwenda. Musa, kama ni wewe unayesoma, bado naenda siku ileile, na benchi lina nafasi.

Nilifika nyumbani nikalala mpaka jua likaanza kushuka. Simu ilinishtua. Ilikuwa imekaa kimya siku nyingi mpaka nikadhani ni ya jirani.

"Nimeskia ulienda," Adhiambo akasema. Maneno ya mjengo hufika Kisumu Ndogo haraka kuliko mtu.

"Nilienda."

"Alisema nini?"

"Alisema ni stori ya kitambo."

"Na wewe?"

"Nikamwambia mkono bado haunyooki."

Nilisikia soko nyuma yake, watoto, redio, mtu akiitisha bei ya nyanya. Nilidhani amekata.

"Sijasema tumemalizana," akasema mwishowe.

"Najua."

Halafu akauliza, kwa sauti ileile kavu, "Umekula?"

Ilibidi nifikirie. Si kwamba akili ilikuwa imepotea. Ni kwamba sikukumbuka mara ya mwisho nilipoulizwa swali hilo.

"Bado," nikasema.

"Basi kula," akasema, akakata.

Nikainuka, nikapumzika nimeshika ukuta, nikateleka maji ya ugali.